Eliya Chini ya Mretemu
Neno kwa wanaoshikwa na hofu ya ghafula

(Someni kwanza 1 Wafalme, sura ya 19.)



Katika sharika zetu, toka Tanga mjini hata Pangani, Muheza na Korogwe, na huko juu Usambara, wako watu wanaobeba mzigo wasioutaja. Mwenye homa hutaja homa yake, na aliyevunjika mguu twamwona akichechemea. Lakini watu hawa huonekana wazima. Hulima, huvua, hufundisha watoto. Na ndani yao wanaingoja kwa woga saa ile itakaporudi. Habari ya saa hiyo ndiyo tunayotaka kuisema leo, kwa kuwa imewafukuza wengine hata katika meza ya Bwana, na kwa kuwa walimu na wazee wa kanisa huulizwa dawa yake, nao yafaa wajue la kujibu.

Tuseme yuko mama mmoja, apanda basi Muheza asubuhi, aende kuuza machungwa Ngamiani. Hakuna jambo la kutisha. Mara moyo waanza kupiga kama ngoma, kifua chabana, jasho lamtoka, mikono yatetemeka, vidole vyafa ganzi, kichwa chazunguka, na pumzi yaonekana kukatika. Asema moyoni, "Nakufa," au, "Naingiwa na wazimu." Apiga kelele, naye ashushwa njiani. Baada ya dakika kumi au ishirini yote yametulia, ila amechoka kama aliyelima kutwa. Apelekwa hospitali, apimwa moyo na damu, aambiwa hana ugonjwa.

Juma la pili hapandi basi. Kisha aogopa soko, maana sokoni mna watu wengi kama ndani ya basi. Kisha kanisani ataka kuketi karibu na mlango, baadaye asimama nje, mwisho haji. Wazee wetu walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushituka. Na mama huyu sasa aona unyasi kila mahali. Nyumba yake, iliyokuwa kimbilio, imekuwa kifungo. Na majirani hawakosi la kusema. Huyu asema ana jini, yule asema amerogwa, na ndugu wa kanisani asema imani yake imepungua.

Basi tumwendee nabii Eliya, tuone Bwana alivyomtendea mtu wake alipoogopa.

Kwanza: hofu si alama ya mtu asiyeamini.

Eliya alisimama Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, peke yake, asitetemeke. Moto ulishuka, mvua ikaja, naye akapiga mbio mbele ya gari la Ahabu hata Yezreeli. Kisha akaja mjumbe mmoja na maneno ya Yezebeli, na mtu yule aliyewakabili mia nne na hamsini akakimbia kuiponya nafsi yake hata Beer-sheba. Hatusemi kwamba Eliya alikuwa na ugonjwa wa mama wa Muheza. Tishio la Yezebeli lilikuwa la kweli. Walakini twaona kwamba ujasiri wa jana haukumzuia kuogopa leo. Tena soma sura yote: hutaona mahali Mungu anapomkaripia kwa kukosa imani.

Na mwalimu wetu Martin Luther naye? Siku ya 6 Julai 1527, nyumbani kwake Wittenberg, alisikia mvumo mkubwa sikioni, nguvu zikamwisha, akaomba maji, akadhani saa ya kufa imefika. Akamkabidhi Mungu mkewe Katharina na mtoto wao Hans, aliyekuwa wa mwaka mmoja tu. Rafiki zake Justus Jonas na Johannes Bugenhagen waliandika habari za siku hiyo. Hakufa, aliishi hata 18 Februari 1546. Alikuwa na maradhi mengi ya mwili, wala si kazi yetu kuyapa majina. Lakini hofu kuu ya moyoni ilimrudia tena na tena katika miezi iliyofuata. Na miaka miwili baadaye, mwaka 1529, alitoa Katekismo Ndogo. Basi kitabu tunachofundishia watoto wetu kiliandikwa na mtu aliyejua kutetemeka. Mwenye kumwambia mgonjwa, "Ungeamini usingeogopa," na aangalie asije akamtoa Luther mwenyewe katika hesabu ya waaminio.

Pili: Mungu alianza na mwili.

Eliya alilala chini ya mretemu, akaomba afe. Malaika akamgusa. Alimletea nini? Mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Na mara ya pili malaika akamwamsha ale, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Mahubiri hayajaja bado. Kwanza usingizi, kwanza chakula.

Twajifunza hapa tusiudharau mwili. Mtu asiyelala, asiyekula kwa wakati wake, amefungua mlango. Kahawa kali ya barazani huufanya moyo kwenda mbio, na moyo uendao mbio humkumbusha mgonjwa hofu yake; na aipunguze. Mirungi hufanya vibaya zaidi. Na tembo humtuliza mtu jioni, lakini linapomtoka asubuhi hofu hurudi na nguvu mpya. Wengi waliotafuta dawa ndani ya kibuyu walipata ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Tena na aende hospitali, iwe Bombo mjini Tanga au kituo kilicho karibu naye, asione haya. Yako maradhi yafananayo na haya: ya moyo, ya upungufu wa damu, ya tezi ya shingo, ya sukari, na malaria. Yafaa daktari ayatafute kwanza. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Tatu: Bwana hakuwamo katika tufani.

Pale Horebu ulipita upepo wa kupasua miamba, kisha tetemeko, kisha moto. Na katika yote matatu Mungu hakuwamo. Baadaye ikaja sauti laini, ya upole, na hapo Eliya akafunika uso wake. Mgonjwa wetu naye apitiwa na upepo katika pumzi yake, na tetemeko katika mikono yake, na moto kifuani. Naye adhani kwamba ndani yake mna sauti inayotangaza kifo. Haimo. Ni tufani ya mwili tu. Na tueleze jinsi ilivyo, maana jambo lililoelezwa hupungukiwa nguvu.

Muumba ameweka mlinzi ndani ya mwili. Juu ya mafigo mna tezi mbili ndogo. Mtu akikutana na chui njiani, tezi hizo humimina katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Mara moyo huenda mbio ili damu ifike miguuni, pumzi huongezeka, jasho hutoka kuupoza mwili. Yote haya ni ya kumwokoa. Katika ugonjwa huu mlinzi hupiga mbiu ya hatari na adui hayupo. Mtu asikia moyo wake, adhani ni kifo. Wazo hilo lamtisha. Mlinzi asikia kitisho, apiga mbiu zaidi. Ndivyo moto unavyojichochea wenyewe. Na pumzi nayo: mgonjwa adhani hewa haimtoshi, kumbe avuta mno, akaitoa katika damu hewa ya ukaa kupita kiasi, na kwa sababu hiyo kichwa chazunguka na vidole vyafa ganzi.

Madaktari wamelijua jambo hili zamani. Mwaka 1871 Jacob Mendes Da Costa wa Marekani alieleza habari za askari wa vita vya 1861 hata 1865 waliosumbuliwa na mapigo ya moyo na maumivu ya kifua, naye alipowapima wengi wao hakuona kasoro katika moyo. Na mwaka 1980 madaktari wa akili wa nchi ile waliuweka ugonjwa wa hofu ya ghafula katika orodha yao kwa jina lake peke yake. Si wazimu. Nao watuambia kwamba fadhaa hiyo hupanda kwa dakika chache, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe, kwa kuwa mwili hauwezi kukaa daima katika hali ile.

Wavuvi wa Kigombe na Pangani wajua kufanya nini upepo wa ghafula ukiwakuta baharini. Nahodha hutua tanga, hushika usukani, hungoja. Haruki baharini. Basi wewe uliyeshikwa, usiruke. Kaa mahali ulipo, ikiwa hapana hatari ya kweli. Jiambie, "Hii ni fadhaa, naijua, ilikuja zamani ikapita, na leo itapita." Legeza mabega. Vuta pumzi polepole kwa hesabu ya tatu, uitoe polepole zaidi kwa hesabu ya sita, ukirudia hivyo hata itulie. Tazama vitu vilivyo mbele yako, uvitaje kimoja kimoja: mlango, mnazi, kikapu, mtoto.

Na sala? Omba, ndugu, lakini usiifanye sala kuwa hirizi. Aombaye kwa haraka akisema, "Iondoe sasa hivi," huchungulia kila nukta kuona kama imeondoka, na kwa kuchungulia huko huiongeza. Sema Sala ya Bwana polepole, neno kwa pumzi, kama mtoto aketiye karibu na baba yake mvua inapopiga bati. Mtoto hamwambii baba azuie mvua. Amtosha kuwa naye.

Nne: Eliya alirudishwa katika njia.

Mara mbili Mungu alimwuliza Eliya pale pangoni afanya nini mahali pale. Swali hilo si la hasira, nalo lataka jibu. Eliya akajibu kwa kueleza taabu zake, na Mungu akamsikiliza hata mwisho, mara zote mbili. Kisha hakumjengea nyumba pangoni. Alimwambia arudi katika njia yake, aende hata jangwa la Dameski, kwa maana kazi ilikuwa ikimngoja.

Hapa ndipo penye kiini cha neno letu. Hofu hii hukua kwa kukimbiwa. Kila mama yule anapoliacha basi, mara hiyo apata raha, na raha hiyo ndiyo inayomdanganya. Amelipa ushuru, na mtoza ushuru aliyelipwa leo bila mabishano hurudi kesho, akataka zaidi. Leo basi, kesho soko, keshokutwa kanisa. Dawa ni kurudi katika njia ile ile, lakini si kwa siku moja, wala kwa kusukumwa. Eliya alikwenda siku arobaini hata Horebu, naye alilishwa kabla ya safari.

Mama wa Muheza na afanye hivi. Siku za kwanza aende kituoni pamoja na mwanawe, asimame kuyatazama mabasi bila kupanda, hata moyo uzoee. Kisha apande, aende kituo kimoja tu, ashuke. Kisha hata Pongwe. Kisha hata Ngamiani pamoja na ndugu. Na mwisho peke yake, na machungwa yake. Katika kila hatua asishuke wakati hofu iko kileleni, bali akae hata ianze kupungua, apate kuona kwa macho yake kwamba amekaa nayo, wala hakufa. Hatua moja na irudiwe mara nyingi kabla ya kwenda ya pili. Mwenye kuogopa kanisa naye aanze mlangoni. Lakini Jumapili nyingine asogee benchi moja, na nyingine moja zaidi.

Wengine wahitaji pia dawa. Ziko dawa ambazo daktari aweza kutoa, nazo hazifanyi kazi siku ile ile. Huchukua majuma kadhaa, wala haifai kuziacha kwa ghafula bila shauri lake. Lakini vidonge vya kutuliza, kama diazepamu, visinunuliwe dukani kwa shauri la jirani. Hutuliza upesi, na upesi huohuo humfunga mtu, asiweze kuishi bila hivyo.

Hatuwaahidi kwamba hofu haitarudi kamwe. Kwa wengine huondoka kabisa. Kwa wengine hurudi mara kwa mara, hasa wakati wa msiba au uchovu. Walakini mtu aliyejifunza kukaa nayo haifungi tena nyumba yake kwa ajili yake. Hubisha hodi, naye huendelea kumenya mihogo.

Tano: Eliya hakuachwa peke yake.

Angalieni neno dogo katika sura ile. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Na ni huko, peke yake, ndiko alikoomba afe. Kisha akalalamika kwamba amesalia yeye tu. Mungu alimjibu kwa hesabu: wako 7,000 wasiompigia Baali magoti. Akampa na Elisha, amfuate na kumtumikia.

Luther alilijua jambo hili. Mwaka 1530 alimwandikia Jerome Weller, aliyekuwa akiwafundisha watoto wake na kuteswa na huzuni, akamwonya aukimbie upweke, atafute rafiki, acheke na kuzungumza nao, wala asishindane kwa maneno na mawazo yale mabaya.

Na sisi wa huku tunao ushuhuda wetu wenyewe. Katika milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe, pana Lutindi. Mwaka 1896 palianzwa kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani. Na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, katika miaka ambayo nchi hizi zilikuwa karibu hazina hospitali za namna hiyo. Huko wagonjwa hawakupewa dawa tu. Walipewa shamba, chai ya kuchuma, kazi za mikono, wenzao wa kula nao, na sala ya asubuhi. Mwenye hofu ya ghafula si lazima apelekwe mbali hivyo, na wengi hutibiwa wakikaa kwao. Lakini mafundisho ya Lutindi yatufaa sote: siku yenye utaratibu, kazi ya mikono, na mtu wa karibu, hivyo ni nusu ya uponyaji.

Basi nanyi walimu na wazee wa kanisa, sikieni. Mtu akishikwa katikati ya ibada, msimzunguke kumi kwa mara moja, wala msimpigie kelele kana kwamba mwafukuza pepo. Kelele ni kuni juu ya moto ule. Msimfukizie moshi, msimkamate kwa nguvu. Mmoja aketi karibu naye, aseme kwa sauti ndogo, apumue polepole ili mgonjwa amfuate. Mwambieni kwamba yapita, nanyi hamwondoki. Ikipita, asirudishwe nyumbani kwa aibu. Na akae hata mbaraka wa mwisho. Lakini kama ni mara ya kwanza, au ni mtu mzima mwenye maumivu ya kifua yashukayo mkononi, au amezimia, au ana homa kali, msikae kubahatisha: mpelekeni hospitali upesi. Na mtu akisema, kama Eliya, kwamba ataka kufa, msimwache peke yake hata saa moja. Kaeni naye, mfikisheni kwa daktari.

Tena mwendeeni yule asiyekuja tena kanisani. Msimwulize mbele ya watu. Nendeni wawili, mketi barazani, mle naye alichonacho. Mwulizeni kwa upole kama Bwana alivyomwuliza Eliya, mkasikilize hata mwisho, na akirudia maneno yaleyale, sikilizeni mara ya pili. Kisha mwambieni, "Jumapili tutakupitia, twende pamoja hata mlangoni." Mlango tu watosha kwa Jumapili ya kwanza.

Nawe ndugu unayesoma neno hili kwa siri, ukijijua kwamba ndiwe tuliyekuwa tukikusema: Mungu hakukasirikia kwa sababu moyo wako wapiga mbio. Yeye ndiye aliyeuumba upige, na Mwanawe mwenyewe alijua katika bustani ya Gethsemane maana ya kushikwa na dhiki hata jasho likamtoka. Naye aliwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Ikiwa Yeye aliomba rafiki, wewe waona haya gani? Mwambie mtu mmoja leo. Ule, ulale, uende ukapimwe. Na kesho usogee hatua moja katika njia ile uliyoikimbia. Mkate uko juu ya makaa, na maji yako kichwani pako. Ondoka, ule.

Bwana awalinde ninyi nyote, mwingiapo na mtokapo. Amina.